Mbwa Wako Mbele ya Mwamuzi

Ikiwa wataka kumpeleka mbwa wako wa ukoo bora kwenye maonyesho kwa mara ya kwanza, shika mashauri haya.

Kwanza, hati. Huku Kenya mbwa wa ukoo huandikishwa na East Africa Kennel Club, Nairobi. Muuzaji akikwambia kwamba hati itafuata baadaye, usitoe fedha zako.

Pili, nenda maonyesho moja bila mbwa, ukatazame wenzako wafanyavyo.

Tatu, mzoeze nyumbani, dakika 5 kila siku. Asimame kimya, atembee vizuri upande wako wa kushoto, akubali mgeni kumpapasa na kumtazama meno, maana mwamuzi atafanya hayo yote. Usimpige. Mbwa mwenye hofu hukunja mkia, na mwamuzi huliona hilo mara moja.

Tena ujue kwamba mwamuzi hatafuti mbwa anayependwa sana na bwana wake. Hulinganisha kila mbwa na kanuni iliyoandikwa ya aina yake. Basenji, mbwa wa Kongo asiyebweka kama wengine, hutakiwa awe na masikio yaliyosimama, makunyanzi usoni na mkia uliojiviringa. Akipungukiwa na hayo, hupita mwingine.

Basi ukishindwa, usinung'unike mbele ya watoto. Mpe mkono aliyeshinda. Mbwa hajui kwamba ameshindwa. Ajua tu kwamba bwana wake amekasirika.