Kodi ya Kichwa

Kuna uongo mmoja mtamu ambao sisi vijana tunaupenda mno: eti mwanafunzi wa chuo kikuu akiumwa kichwa, ni dalili kwamba anasoma. "Huyo anapiga msuli, bwana!" Tunasema hivyo kwa sifa, kama askari anayeonyesha kovu la vita. Lugha yenyewe inatusaidia kudanganyana: swali gumu "linaumiza kichwa", somo gumu "linapasua kichwa". Mimi nasema hapana. Ugumu wa kitabu si ugonjwa, na ugonjwa si ushahidi wa akili.

Najua mtaniuliza: wewe uliyeishia kidato cha nne, tena mtoto wa Jipe, chuo kikuu unakijulia wapi? Nakijulia mifukoni mwetu. Kwetu ni huku chini ya milima ya Upare, kando ya ziwa ambalo ng'ambo yake ni Kenya. Mtoto akipata nafasi ya chuo, mkopo hautoshi. Shangazi anauza mbuzi, mjomba anaongeza fedha ya samaki, na ukoo mzima unahesabu miaka kwa vidole. Kwa hiyo kichwa kinachouma kule hosteli ni chetu sote.

Dada yangu, mtoto wa shangazi, alikwenda hivyo hivyo. Mwaka wa pili kichwa kikaanza: upande mmoja, kinagonga kama ngoma, kichefuchefu juu, mwanga wa dirishani hauvumiliki. Ukurasa mmoja anausoma mara tatu na hakuna kilichoingia. Zahanati ilimpa vidonge na ushauri: "Punguza mawazo." Nyumbani nako wakasema kuna mkono wa mtu. Akarudia mtihani mmoja, akarudia mwingine, mwisho akadisko. Baada ya hapo ndipo daktari mmoja alipomsikiliza kwa makini na kuutaja ugonjwa kwa jina: kipandauso. Jina la Kiswahili kabisa, lipo siku zote, na hakuna aliyelitamka miezi yote ile! Leo anauza vocha na soda mjini Same.

Jamani, si yeye peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu bilioni 3.1, yaani kama asilimia 40 ya watu wote duniani, walikuwa na maradhi ya kuumwa kichwa. Kipandauso mara nyingi huanza ujanani, huwashika wanawake zaidi kuliko wanaume, na pigo moja laweza kudumu kuanzia saa 4 hadi siku 3. Hebu ziweke siku hizo 3 kwenye wiki ya mitihani!

Wengine wana kile kichwa cha kubana kama umefungwa kamba. Hiki hupenda kuandamana na hofu, usingizi mchache na tumbo tupu, na vyuoni vyote hivyo vimejaa. Tangu uchangiaji wa gharama uingie miaka ya 1990, mlo wa mwanafunzi ni shauri la mfuko wake. Bumu likichelewa, chai ya asubuhi inafutwa. Asiye na chumba anabebwa na mwenzake, wawili kitanda kimoja. Usingizi utatoka wapi? Halafu akishika kichwa tunamwambia anasoma sana!

Na dawa yetu ni ipi? Panadol, inayouzwa dukani pembeni ya chumvi na kiberiti, inamezwa kama karanga. Hapo pana mtego. Anayemeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, dawa zenyewe zinaweza kumletea kichwa cha karibu kila siku. Anazima moto kwa mafuta ya taa.

Wazee wetu wa Upare, miaka ya 1940, waliigomea mbiru, kodi ya mkoloni. Walijazana Same kwa maelfu wakipinga namna ilivyokadiriwa. Sisi wajukuu zao tunalipa kodi ya kichwa kila muhula na hatuulizi imehesabiwaje!

Basi tuulize. Mwanafunzi, shika daftari: andika kichwa kimeuma siku gani, muda gani, ulilala saa ngapi, ulikula nini, ulimeza nini. Hilo ndilo litakalokutetea mbele ya daktari, maana kichwa kinachouma hakina bandeji. Lakini kikija na homa kali na shingo kukakamaa, au kikipiga ghafla kwa ukali usiowahi kuuona, usingoje daftari, kimbia hospitali. Vyuo navyo vipime macho ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa bidii ile ile ya kukagua vyeti vyao. Na zahanati ziulize maswali kabla ya kufungua kopo la vidonge.

Nanyi wenzangu wa kalamu mnaoota riwaya kama mimi, acheni kumpamba shujaa wenu kwa kichwa kinachouma ili aonekane msomi. Mpeni njaa yake, kitanda chake cha wawili, hofu ya kurudi kijijini mikono mitupu. Andikeni sababu. Msomaji wenu yuko hosteli usiku huu, anapapasa begi akitafuta kidonge cha tatu. Mwambieni kwamba maumivu si shahada.