Mama hachagui jinsia ya mtoto



Ndugu zangu, mwezi uliopita baada ya swala ya Isha alinifuata baba wa wanafunzi wangu watatu. Mkewe amejifungua binti wa nne, na sasa bibi yao anamshikilia mwanawe atoe talaka, eti mke huyu "hana watoto wa kiume tumboni".

Nilimweleza jambo ambalo watoto wetu wa sekondari wanalijua, sisi wazazi wengi hatukulisoma. Mtoto anatokana na seli mbili, yai la mama na mbegu ya baba. Seli za kawaida za mwili zina kromosomu 46. Yai lina 23 na mbegu ina 23, zikiungana katika mrija wa uzazi zinatimia 46. Kwa hiyo mtoto ni wa wote wawili, si kwamba baba anapanda na mama ni shamba tu. Mayai ya mama huwa yameshaumbwa mwilini mwake kabla hata yeye hajazaliwa, wakati mbegu za baba hutengenezwa upya kila siku tangu abaleghe. Zinatoka mamilioni kwa mamilioni, inayoingia kwenye yai ni moja. Subhanallah.

Sasa jinsia. Yai kwa kawaida hubeba kromosomu X tu. Mbegu nyingine hubeba X, nyingine Y. Ikitangulia ya X anakuwa binti, ikitangulia ya Y anakuwa mvulana. Nettie Stevens wa Marekani alilibaini hili kwa wadudu mwaka 1905.

Sipendi tabia ya kuifanya Qur'ani kuwa kitabu cha baiolojia. Lakini msomaji afungue Surat An-Najm, aya 45 na 46, aone kuumbwa kwa mume na mke kumetajwa pamoja na tone la manii. Halafu asome Ash-Shura 49 na 50, ajue nani anayegawa. Baba naye hachagui mbegu ipi itangulie! Basi mwanamke anaachwa kwa kosa gani? Hiyo ni dhulma, na imamu anayenyamaza akiombwa kuiandika talaka hiyo ana sehemu yake.

Yule ndugu akaniuliza, "Ustadhi, mama nitamwambiaje?" Nikamwambia amlete madrasani Jumamosi, nimchoree ubaoni mbele ya wajukuu zake. Jumamosi mbili zimepita, hajafika. Lakini talaka nayo haijatoka.