Sitara ya Ndoa si Kufichana

Ada yetu watu wa Pwani, posa ikija huulizwa. Huulizwa ukoo, huulizwa tabia, huulizwa na kazi ya kijana. Siku hizi limezidi swali moja: cheti cha damu. Nami swali hilo silikatai. Ninalolikataa ni wazee kuona cheti cha mmojawapo kina virusi vya UKIMWI, wakainuka mkekani papo hapo kana kwamba wameonyeshwa sanda.

Waama, zamani ilikuwa sanda. Tangu ugonjwa huu ubainike nchini mwaka 1984, hata ukatangazwa janga la taifa mwaka 1999, tulizika wengi. Lakini dunia haikusimama hapo. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa jozi 1,763 za wapenzi, mmoja ana virusi na mwenziwe hana, katika nchi 9, Kenya ikiwemo. Ilionekana kuwa mwenye virusi akianzishiwa dawa mapema, maambukizi kwa mwenziwe hupungua kwa asilimia 96. Tafiti za baadaye zikathibitisha kwamba anayemeza dawa barabara, hata virusi vikawa havionekani kwenye kipimo, hamwambukizi mwenziwe kwa tendo la ndoa.

Basi swali la haki ni hili: anameza dawa? Kipimo cha mwisho kilisemaje? Kabla ya kipimo kutulia, ipo mipira. Na tangu mwaka 2017 Kenya ilianza kutoa tembe za kinga kwa yule asiye na virusi.

Wengi wetu twakosea kwenye sitara. Tumelelewa kwamba la mtu husitiriwa, na ni kweli. Jirani hana haki ya kujua kilichomo kabatini mwa mwenziwe. Lakini sitara ni pazia la mlangoni, si ukuta wa chumbani. Anayemficha mkewe au mumewe humeza dawa kwa kuibia. Siku ya wageni huiruka, siku ya safari huiacha, na virusi hurudi. Hatari yatoka hapo. Na wazee wanaokimbia cheti ndio wanaowafunza vijana kuficha.

Wazee wenzangu, posa ijayo kaeni mkekani. Kama mwamwita mshenga, mwiteni na daktari, awaeleze wawili hao pamoja, kisha waachiwe waamue wenyewe.