Mstari Mwekundu Tumeuchora Wenyewe

Jamani waandishi wenzangu wa Mtwara, nimechoka na wimbo mmoja. Ukikaa na vijana wenye mswada mfukoni, kuanzia Mikindani hadi Msimbati, utausikia tu: eti kompyuta haikitaki Kiswahili. Unapeleka hadithi yako steshenari, dada anaichapa, kioo kizima kinajaa mistari myekundu kama daftari la mtoto wa darasa la pili. Basi mtu anasonya, anawalaani Wazungu, anaondoka zake.

Mimi nasema Wazungu tuwaache kwanza.

Hicho kinachopiga mistari ndani ya LibreOffice na Firefox kinaitwa Hunspell. Aliyekitengeneza ni László Németh, mtu wa Hungaria, ambaye lugha yake ina shida kama yetu: neno moja linabeba mikia chungu nzima. Hakungoja kuonewa huruma. Alichukua programu huria iliyokuwepo, MySpell, akaijenga upya ili iwafae watu wa kwao, akaiacha wazi. Leo inatumika dunia nzima, bure. Wala haina uchawi, bwana. Kila lugha ina mafaili mawili ya maandishi: moja ni orodha ya maneno, la pili ni kanuni za viambishi. Unayafungua, unayasoma, na kama "bamvua" halimo unaliongeza.

Kazi yenyewe iko kwenye hizo kanuni, na hapo ndipo wengi hukimbia. Mwingereza kitenzi chake kina sura nne tano, anaorodhesha, amemaliza. Sisi chukua "chokoa", kazi ya kina mama wa pweza maji yakikupwa: nachokoa, hatukumchokoa, waliomchokolea, asingechokolewa. Ukitaka kuyaandika yote utazeeka. Lazima ueleze kanuni: nafsi, wakati, mtendwa, mzizi, mnyambuliko. Tena Hunspell kwa kawaida huvua viambishi vya nyuma mara mbili, vya mbele mara moja tu, maana Kihungaria hurundika nyuma. Sisi twarundika mbele. Kwa hiyo inabidi uifunge "hatukum" yote iwe kipande kimoja, au uhamie chombo kingine kama HFST cha kule Helsinki, ambacho ni huria pia: unakipa kamusi na kanuni, kompaila yake inavigeuza kuwa mashine ya kuchambua neno. Sasa nani anaijua hiyo minyambuliko? Si sisi tuliochapwa fimbo kwa ajili yake kidato cha pili? Fundi wa kompyuta hatushindi kwa hilo.

Na msiniambie haijawahi kufanyika. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya kuandikia inayozungumza Kiswahili. Hata Kimakonde kimo kwenye mashine. Hazina ya Unicode iitwayo CLDR, ambamo Android na programu nyingine nyingi huchota, ina siku za juma kwa Kimakonde. Jumatano imeandikwa Liduva lyannyano. Wangapi pale Newala wana habari? Na kama wao hawasemi hivyo, mlango wa kusahihisha uko wazi.

Mwaka 2013 mji huu uliwaka kwa ajili ya bomba la gesi kwenda Dar es Salaam. Hoja ilikuwepo, sibishi: mali ikitoka kwetu, tushirikishwe. Sasa hii hapa mali nyingine, maneno yetu wenyewe, haina geti wala askari, na kushirikishwa hakuhitaji maandamano. Mbona kimya?

Mtu atasema bando ni ghali, kompyuta sina, na nani atanilipa. La malipo lina ukweli. Wapo wenye makampuni makubwa wanaotajirika kwa kazi ya bure ya watu wengine, na hilo linaniudhi kuliko linavyokuudhi wewe. Lakini hebu niambie, kwa hadithi tunazozitoa humu analipwa nani? Orodha ya maneno unaiandika hata kwenye simu, hata kwenye daftari la mistari. Akipatikana mmoja mwenye kompyuta anatosha kuwaingizia kumi.

Mimi nimeanza na ya baharini: bamvua, maji mafu, kusi, kaskazi, na vitenzi vyote vya pweza. Mwenye maneno ya mikorosho aje anione, maana hayo siyajui vizuri.