Shahidi Mmoja Hawi Kumi kwa Kurudia Maneno

Mtu akisimama Malaba, upande wa Kenya, akayahesabu malori yanayongoja kuvuka kuingia Uganda, anaweza kujidanganya kwa urahisi. Lori moja likikaa foleni siku tatu, naye akaliandika asubuhi, adhuhuri na jioni, daftari lake litakuwa na mistari tisa. Je, ameona malori tisa? La hasha! Ameona lori moja mara tisa. Mchuuzi yeyote wa mpakani atalitambua kosa hilo. Ni jambo la kusikitisha, basi, kwamba kosa lilo hilo hupita bila kukemewa katika tasnifu za wanafunzi wetu, mradi limevishwa joho la takwimu.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa uzamili anataka kujua iwapo watoto wa Malaba, ambao lugha yao ya kwanza ni Kiteso, husoma maneno ya Kiswahili upesi kuliko ya Kiingereza. Anawapata watoto 40, na kila mmoja anasoma maneno 30, nusu ya Kiswahili na nusu ya Kiingereza. Anarudi chuoni na vipimo 1,200, anavitia katika kompyuta na kufanya jaribio la kawaida la kulinganisha wastani, kana kwamba kila kipimo kimetoka kwa mtoto wake. Tofauti ndogo inajitokeza kuwa kubwa, naye anashangilia. Hajui kwamba amewaita mashahidi 40 na kuwahesabu kuwa 1,200.

Tiba ya kosa hili haianzi kwenye kompyuta. Inaanzia kwenye swali: ni nini kilichorudiwa? Hapa mtoto amerudiwa, kwa maana amepimwa mara 30. Neno nalo limerudiwa, kwa maana limesomwa na watoto 40. Mwanasaikolojia Herbert Clark aliwaonya wanaisimu mwaka 1973 kwamba maneno tunayoyateua ni sampuli tu ya lugha, kama vile watoto walivyo sampuli ya jamii. Anayeyasahau maneno huishia kutoa hukumu juu ya maneno 30 na kuiita hukumu juu ya lugha nzima.

Njia ya zamani ilikuwa kupata wastani wa kila mtoto, kisha kufanya uchanganuzi wa tofauti kwa vipimo vya kurudiwa. Njia hiyo si haramu. Hata hivyo, inayasahau maneno, na kwa kawaida humtupa nje mtoto aliyekosa sehemu ya vipimo. Katika miji ya mpakani, ambako mtoto huweza kukosa shule siku ya soko, hasara hiyo si ndogo. Ndiyo maana wengi wamehamia kwenye modeli mseto, ambazo katika programu ya R hutengenezwa kwa kifurushi kiitwacho lme4. Modeli hiyo humruhusu kila mtoto awe na kasi yake ya kuanzia, na kila neno liwe na ugumu wake. Isitoshe, kwa kuwa kila mtoto amesoma lugha zote mbili, ni lazima aruhusiwe pia kuwa na tofauti yake baina ya lugha hizo. Endapo jibu ni la ndiyo au la, kwa mfano mtoto yuko darasani au hayuko, hutumika modeli mseto ya aina ya lojistiki.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mabishano ya wasomi yasiyomhusu mzazi wa Busia. Si kweli hata kidogo. Kusini mwa Busia, katika Budalang'i na Funyula, shule 75 za msingi zilishiriki katika mradi wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo ulioanza mwaka 1998. Shule ziligawanywa makundi matatu yaliyoanza kupata dawa kwa zamu, na mahudhurio ya wanafunzi wale wale yalikaguliwa tena na tena kwa ziara za ghafla. Mwaka 2004 Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha matokeo: utoro ulipungua kwa robo, ingawa alama za mitihani hazikuonyesha kupanda.

Mwaka 2015 watafiti wa London waliichanganua upya data ile ile. Walipolinganisha muhtasari wa kila shule, mwaka mmoja mmoja, hawakuona ushahidi wa wazi kwamba mahudhurio yaliongezeka. Walipoiunganisha miaka miwili katika modeli moja, ushahidi ukawa mzito. Waandishi wa awali walijibu, na mjadala ukawa mkali. Watoto ni wale wale, na ziara ni zile zile. Kilichobadilika ni modeli.

Funzo ni lipi? Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Mtafiti anayezijaribu modeli tano, kisha akaichagua ile inayompendeza, hatafiti tena, bali anajitetea. Modeli haina budi kuteuliwa kutokana na jinsi data ilivyokusanywa, na iandikwe kabla ya matokeo kuonekana. Kompyuta ikishindwa kuikokotoa, mtafiti airahisishe kwa sababu anayoweza kuieleza, na aitaje hadharani.

Aidha, tusisahau kwamba mjadala wa Busia uliwezekana kwa sababu data ilitolewa ili wengine waikague. Huo ni uungwana wa kielimu ambao vyuo vyetu havina budi kuuiga. Nayo R, iliyobuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, hutolewa bure. Mwanafunzi aliyeko Busia anaweza kutumia chombo kile kile anachotumia profesa wa London. Hatuna tena kisingizio cha umaskini.

Walimu wenzangu, tuwaulize wanafunzi wetu swali moja kabla ya kutia sahihi tasnifu zao: mashahidi wako ni wangapi hasa? Asiyeweza kulijibu arudi kwenye daftari lake akahesabu upya. Hukumu inayotolewa kwa ushahidi wa kurudiarudia haimuumizi aliyeiandika. Humwangukia mtoto wa Malaba, atakayefundishwa kwa lugha iliyochaguliwa kimakosa.