Mtungi Usiotiwa Maji

Juzi kijana mmoja, fundi wa kuchonga mbao, alikuja barazani kwetu na daftari lake. Ndani mlikuwa na michoro ya mitungi ambayo hapana mfinyanzi awezaye kuifinyanga. Mzee mwenzangu akacheka: "Mwanangu, mtungi usiotiwa maji ni wa nini?" Kijana akafunga daftari. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kule kumenikera. Jawabu ningali nalo.

Mwaka 1746, mjini Roma, mchongaji wa Kifaransa, Jacques-François Saly, akiwa bado mwanafunzi, alitoa picha zipatazo 30 za mitungi ya mapambo. Mwanzoni aliandika kwa Kilatini kuwa ameibuni mwenyewe, na ameichora kwa ajili ya kujifunza. Hakudai kuwa ipo mahali.

Kazi hiyo si mchezo. Bamba la shaba hupakwa nta, msanii akachora juu yake kwa ncha ya sindano, kisha tindikali ikaila shaba palipokwaruzwa. Ndipo hutiwa wino na kushindiliwa karatasi. Saly aliyavumilia yote hayo kwa ajili ya mitungi ya ndotoni, iliyozungukwa na nguva waliosokotana mikia.

Sisi Waislamu picha za viumbe si jambo la kuiga, wala sihimizi. Ninachokitazama ni ule uhuru wa kubuni. Karatasi haivunjiki, wala haiulizi bei ya udongo. Juu yake fundi hujaribu umbo mia, apate moja la kumfaa.

Na faida ilionekana. Saly yule yule aliitwa Denmark, akaunda sanamu kubwa ya Mfalme Frederik wa Tano juu ya farasi, iliyozinduliwa Copenhagen mwaka 1771. Mwenzake, Ennemond Alexandre Petitot, alitoa mitungi yake ya kubuni huko Parma mwaka 1764, na mitungi mingine aliyoibuni ilichongwa kwa mawe ikapamba bustani ya mtawala.

Sisi washairi twajua. Beti nyingi hutungwa zikachanwa, na bila hizo ule ubeti mmoja mzuri hauzaliwi.

Basi, mwanangu, rudi barazani na daftari lako. Nasi wazee, kabla ya kucheka, tumwambie kijana afunue ukurasa wa pili.