Nia ya Muuaji Haipigwi Picha



Kuna mchezo mpya uliokwisha kuingia majumbani mwetu, nao haumtoi mtu jasho wala haumgharimu ila kifurushi cha simu. Mchezo huo ni kuhukumu wauaji. Baada ya Isha, baba, mama na vijana hukaa sebuleni kutazama filamu ya kisa cha kweli: fulani aliuawa, fulani akafungwa, je, haki ilitendeka? Picha zapita, muziki wa kutisha walia, na kabla ya chai kupoa nyumba nzima imekwisha kukata shauri. "Yule hakuua, kaonewa." Au, "Yule kaua kusudi, kitanzi kilikuwa haki yake." Kesho yake neno hilo limefika barazani na sokoni, na huko halisemwi tena kuwa limetoka kwenye filamu. Limekuwa khabari.

Nani aliyetupa ukadhi huo?

Natutazame visa viwili vya Iringa, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Twavichukua vya huko bara kwa makusudi, kwa kuwa mtu huliona kosa lake upesi zaidi katika kisa kisichokuwa cha jamaa zake.

Kisa cha kwanza ni cha Isimani, tarehe 25 Desemba 1971. Dokta Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliyekuwa akisukuma mpango wa vijiji vya ujamaa kwa nguvu zote, alikwenda shambani kwa mkulima Said Mwamwindi. Wakagombana. Mwamwindi akachukua bunduki akampiga risasi, akaitia maiti katika gari la marehemu mwenyewe, akaipeleka polisi mjini Iringa. Mahakama Kuu ikamtia hatiani kwa kuua kwa kukusudia, naye akanyongwa.

Kisa cha pili ni cha Nyololo, Mufindi, kando ya njia kuu iendayo Mbeya, tarehe 2 Septemba 2012. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa Iringa, alikuwa kazini mahali ambapo polisi walikuja kuzuia shughuli za chama cha Chadema. Polisi wakamzunguka, na bomu la machozi likampasua mwili akafa papo hapo. Askari mmoja alishitakiwa kwa kuua kwa kukusudia. Julai 2016 Mahakama Kuu ikamtia hatiani kwa kosa dogo kuliko hilo, la kuua bila kukusudia, ikampa kifungo cha miaka 15.

Sasa, msomaji, itazame mizani ya watu. Katika kisa cha Mwamwindi hapakuwa na ubishi juu ya mkono uliofyatua. Mwenyewe aliipeleka maiti. Ubishi ulikuwa: je, alikusudia, au alichokozwa hata akili ikamruka? Katika kisa cha Nyololo pia mzozo mkubwa ulikuwa juu ya neno hilo hilo: kusudi. Wengi waliompenda mkulima wakasema hakukusudia, alitukanwa penye makaburi ya wazee wake. Wengi waliompenda mwandishi wakasema askari alikusudia, hapana shaka. Pengine wamesema kweli katika vyote viwili. Lakini walijuaje? Walikipima kifua cha huyu kwa mapenzi na cha yule kwa chuki, kisha wakakiita kipimo hicho haki. Na upande wa pili vivyo hivyo: wakubwa waliomlilia Klerruu, na chuo cha ualimu mjini Iringa kikaitwa kwa jina lake, hawakutaka hata kusikia neno "uchokozi".

Wala neno hilo si dogo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania imeweka adhabu moja tu ya kuua kwa kukusudia, nayo ni kifo. Mtu akithibitika kuwa aliua katika ghadhabu ya uchokozi wa ghafla, kabla moyo haujapoa, kosa lake hushuka likawa kuua bila kukusudia, na hapo hakimu ana nafasi ya kupima adhabu. Basi baina ya kitanzi na jela pana kitu kimoja, nacho ni nia. Na nia haipigwi picha. Mtengeneza filamu huionyesha nia kwa kinanda, kwa giza, kwa uso wa mshitakiwa uliosimamishwa kwenye kioo mpaka mtazamaji amwogope au amhurumie. Huo si ushahidi. Ni msema pweke, naye msema pweke hashindwi.

Tusikilize na jawabu la upande wa pili, kwani lina uzito. Watasema: kama si picha, damu ya Mwangosi ingepotea. Ni kweli kwamba picha zilizopigwa Nyololo zilimwonyesha akiwa katikati ya askari kabla hajafa, na baada ya hapo ilikuwa vigumu mtu kukana. Sisi hatuzipingi. Picha ile ni shahidi: yaonyesha nani alikuwapo na alisimama wapi. Nao waliouliza kwa nini askari wameonekana wengi na akashitakiwa mmoja, waliuliza swali la haki. Tofauti ni hii: shahidi husema alichokiona akanyamaza, filamu ya burudani husema alichokiona, kisha ikakuuzia na kile isichokiona.

Na tusidhani kuwa mahakama hazikosei. Hukosea, na ndiyo maana ipo rufani. Lakini angalia Marekani. Mwaka 2000 kijana Muislamu, Adnan Syed, alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kumwua Hae Min Lee, mwanafunzi mwenzake. Mwaka 2014 masimulizi ya sauti yaitwayo Serial yakamfanya ajulikane dunia nzima. Mwaka 2022 hukumu ikatanguliwa. Mwaka 2023 ikarejeshwa, kwa kuwa jamaa wa marehemu hawakupewa taarifa na nafasi ya kutosha. Machi 2025 akaachwa huru kwa miaka aliyokwisha kuitumikia, lakini hatia ikabaki. Dunia nzima ilikuwa ikimzungumza aliye hai, na wenye maiti wakasahauliwa mlangoni! Na wako miongoni mwetu waliomtetea kwa sababu ya jina lake tu, bila kusoma ukurasa mmoja wa kesi.

Jambo hili lilikwisha kutokea Madina. Wafasiri wataja katika Suratun-Nisaa, toka aya ya 105, kuwa mtu mmoja aliiba deraa, kosa likatupiwa Myahudi, na jamaa wa mwizi wakaja kwa Mtume (S.A.W.) kumtetea mtu wao kwa maneno matamu. Wahyi ukashuka kumsafisha Myahudi. Wale jamaa walikuwa wengi, wafasaha, na wamoja. Na walikuwa wakitetea khiana.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa na ushahidi, upeleke mahakamani, kwani kuuficha ni dhambi. Ukiwa na shaka juu ya hukumu, isome; siku hizi hukumu nyingi za Mahakama Kuu na za Rufani za Tanzania zimewekwa wazi TanzLII, na kuzisoma ni bure. Usome alichosema shahidi wa upande huu na wa upande ule, na sababu aliyoitoa jaji. Ukiisha, sema, hata kama ni kumkosoa jaji. Na kama huna ushahidi wala hukusoma, funga kinywa. Waambie na watoto kwamba aliyeuawa ana mama, na aliyefungwa ana mama, na wote wawili huenda wakayasikia maneno yetu.

Mwenyezi Mungu atulinde na ulimi uuao bila ya bunduki. Amin.